Ukiumia Kazini na Kosa Likawa Lako: Namna ya Kudai Fidia ukiwa Mombasa

Kijana mmoja wa Magongo alinijia jioni moja mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta hadi kiwikoni, na mfukoni mwa shati akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya meza kwa mkono wa kushoto, nikaisoma: "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba niliumia kwa uzembe na ukaidi wangu mwenyewe, na sitaidai kampuni chochote." Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, kwa kuwa mkono wa kuandikia ndio uliovunjika. Hati yenyewe ilikuwa ya karani wa godauni. Kijana alitaka kujua jambo moja tu, kama mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mimi si wakili. Ni mwakilishi wa wafanyakazi, na kwa miaka niliyokaa na makuli, madereva wa foklifti na mafundi wa mjengo nimeona madai mengi yakifia mlangoni kwa sababu mwenyewe aliamini kwamba, kwa kuwa alikosea, hana haki. Sheria haisemi hivyo.

Alichokifanya kijana huyu ni hiki. Katika godauni moja la chai huko Shimanzi, lori lilikuwa limeshasimama mlangoni likisubiri kupakiwa, na mifuko iliyotakiwa ilikuwa juu kabisa ya rundo. Ngazi ilikuwapo, lakini ilikuwa imepoteza vipago viwili. Basi akapanda juu ya vyuma viwili vya mbele vya foklifti, dereva akamwinua. Ukutani palikuwa na tangazo la Kiingereza linalokataza mtu kubebwa na foklifti. Mashine ilipotikisika aliteleza, akaangukia mkono.

Je, alivunja amri? Ndiyo. Je, ndiyo sababu ya kumnyima fidia? Hapo ndipo panapohitaji kusomwa kwa utulivu.

Sheria inayotawala jambo hili nchini Kenya ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA tu. Kifungu chake cha 10 kinamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, bila ya kwanza kuuliza ni nani aliyekosea. Kisha kinaweka kizuizi kimoja: mfanyakazi hastahili fidia ikiwa ajali ilisababishwa na utovu wake wa nidhamu alioufanya kwa makusudi na kwa kutaka mwenyewe, na ikiwa ajali hiyo haikuleta kifo wala ulemavu mkubwa. Ulemavu mkubwa, kwa maana ya kifungu hicho, ni ulemavu wa kudumu unaofikia asilimia 40 au kupita.

Sentensi hiyo ina milango miwili, na mwajiri anayekataa kulipa lazima apite yote miwili. Ni lazima kosa liwe la makusudi, na ni lazima jeraha liwe chini ya kiwango kile. Ukikosekana mmoja, kizuizi hakisimami. Mfanyakazi aliyekufa, au aliyepoteza uwezo wa mwili kwa asilimia 40, hawezi kunyimwa fidia kwa hoja kwamba alikuwa mkaidi. Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba, katika majeraha makubwa na vifo, ajali huhesabiwa kuwa ya kazini hata kama mtu alikuwa akivunja sheria au maagizo ya mwajiri, au akifanya jambo ambalo hakuagizwa, mradi alikuwa akilifanya kwa ajili ya shughuli ya mwajiri wake. Aliyepanda foklifti ili lori lipakiwe alikuwa katika shughuli ya mwajiri. Aliyewasha msumeno wa kampuni Jumapili ili ajichongee stuli ya nyumbani hakuwamo, na huyo ukubwa wa jeraha lake haumsaidii sana.

Zingatia pia kwamba asilimia haijulikani siku ya ajali. Daktari huikadiria baada ya matibabu kufikia mahali ambapo jeraha halitarajiwi kubadilika tena. Kwa hiyo msimamizi anayekwambia siku ya pili kwamba huna chako kwa kuwa ulikosea anatoa hukumu kabla ya kipimo chenyewe kuwapo. Peleka dai lako. Suala la kosa litapata wakati wake.

Kutenganisha makusudi na makosa mengine

Wengi wetu hupotelea hapa, kwa sababu katika Kiswahili cha kazini maneno uzembe, ukaidi na kosa hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Katika dai la fidia si kitu kimoja hata kidogo. Aliyesahau kuvaa glavu, aliyechoka akakosea hatua, au aliyedhani mashine imezimwa kumbe haijazimwa, amekosa uangalifu. Kukosa uangalifu si makusudi, na WIBA haimnyimi fidia mtu kwa sababu hakuwa mwangalifu. Makusudi, kwa namna ninavyolielewa neno lenyewe, ni kwamba mtu aliijua amri, aliielewa hatari iliyokuwa mbele yake, alikuwa na njia nyingine, na bado akachagua kuvunja amri ile.

Baina ya hayo mawili kuna kundi kubwa kuliko yote, nalo ni mazoea. Fundi wa kuchomelea ameondoa kinga ya mashine ya kusaga chuma kwa kuwa diski aliyoletewa ni kubwa kuliko kinga, na msimamizi anapita hapo kila asubuhi bila kusema neno. Mwashi wa Nyali hana helmeti kichwani kwa kuwa helmeti ni tano na wao ni kumi na wawili. Kuli anaruka kutoka kontena moja hadi jingine kwa kuwa anayeshuka na kupanda ngazi huambiwa anachelewesha kazi. Kila mmoja wao amevunja kanuni iliyobandikwa ukutani, lakini kanuni inayovunjwa kila siku mbele ya msimamizi, na kazi ikapokelewa, ni vigumu kuiita ukaidi wa mtu mmoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mfanyakazi avae vifaa na afuate taratibu za usalama, na haifai kulificha hilo. Lakini inamtaka mwajiri kwanza atoe vifaa, mafunzo, maelekezo na usimamizi. Ngazi iliyopoteza vipago viwili ni ushahidi unaoanzia upande wa mwajiri.

Yapo matukio ambayo kwa kweli ni magumu. Wanaopigana kwa deni la kamari, au wanaoelekezeana bomba la hewa kwa mzaha, hawakuwa wakifanya shughuli ya mwajiri, na huulizwa swali la awali zaidi, kama ajali ilitokana na kazi yenyewe. Aliyekunywa mnazi mchana akaingia kwenye kreni anajiweka pabaya sana jeraha linapokuwa dogo. Hata hapo uchunguzi hufanywa, kwa sababu inabidi ionyeshwe kwamba pombe ndiyo iliyosababisha ajali, si waya uliokatika ambao ungemkata hata asiyeonja tone. Nisemalo kwa walio katika hali hiyo ni kwamba wasidanganye. Hospitali huandika iliyoyaona, na uongo mmoja uliogunduliwa huyaangusha maneno yote ya kweli yaliyosemwa kando yake.

Mzigo wa kuthibitisha nao una mwenyewe. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinamtaka anayedai kwamba jambo fulani lipo ndiye alithibitishe. Mwajiri akisema ulikuwa mkaidi kwa makusudi, alete amri uliyopewa, siku uliyofunzwa, sahihi yako kwenye daftari la mafunzo, na onyo ulilopata awali.

Saa za kwanza na wiki ya kwanza

Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Taarifa inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na inaweza kutolewa na mtu mwingine kwa niaba yako ikiwa umelala wodini. Mimi hupendelea maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa ujumbe una tarehe na saa. Kukufikisha hospitalini ni jukumu la mwajiri, na hakuna anayepaswa kusubiri ijulikane nani alikosea ndipo gari litafutwe. Ukifika kwa daktari, iwe ni hospitali kuu ya Coast General au kliniki ya karibu, sema wazi kwamba umeumia kazini, na ueleze kwa namna gani. Kijana wa Magongo aliambiwa na aliyemsindikiza aseme ameanguka bafuni. Bahati nzuri hakukubali. Daftari la hospitali likishaandika bafu, kuliondoa bafu hilo ni kazi ya miezi.

Mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuitaarifu Idara ya Usalama na Afya Kazini, ambayo ina ofisi yake hapa Mombasa. Ikiwa mtu amekufa, taarifa hutakiwa kufika ndani ya saa 24. Fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1: sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, sehemu ya pili hujazwa na daktari. Mwajiri akikataa kuijaza, au akiizungusha wiki baada ya wiki, usikae nyumbani ukimsubiri. Nenda mwenyewe katika ofisi ya Idara ukaripoti, ukiwa na kitambulisho, karatasi za hospitali na uthibitisho kwamba ulikuwa ukifanya kazi pale. Ofisa akiuliza sababu ya mwajiri kukataa, mwambie ukweli, kwamba anasema kosa ni lako.

Kuhusu uthibitisho huo, vibarua wengi hudhani kwamba bila barua ya kuajiriwa hawana la kuonyesha. Sheria ya Ajira inatambua mkataba wa mdomo sawasawa na wa maandishi. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila Jumamosi, jina lako katika daftari la mlinzi wa getini, picha ukiwa na riflekta ya kampuni, au mwenzako wa zamu aliye tayari kusema: hivi vyote hubeba uzito. Hamisha ujumbe wa malipo mahali salama kabla simu haijapotea.

Kisha shughulikia mahali penyewe pa ajali kabla hapajabadilishwa. Nilimwomba mwenzake wa zamu aipige picha ile ngazi siku iliyofuata, akiwa pale kwa kazi yake ya kawaida. Ilikuwa bado imeegemea ukuta ule ule, na vipago viwili havipo. Juma lililofuata palikuwa na ngazi mpya ya alumini. Nani aliyewahi kubebwa hivyo kabla yako, nani aliona, foklifti iliendeshwa na nani, lori lilikuwa la kwenda wapi na liliharakishwa na nani, tangazo liliandikwa kwa lugha gani: yaandike yote ndani ya siku mbili tatu, kwa maneno yako, ungali unayakumbuka. Ikiwa godauni lina kamera za usalama, omba kwa barua picha za saa ile zihifadhiwe.

Maelezo utakayoandika

Maelezo ya mwajiri ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, na sipendi kulisema hili kwa mafumbo. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye maelezo ambayo hukuyatunga na hukusomewa kwa lugha unayoielewa vizuri. Una haki ya kuomba muda. Ukiyaandika, eleza ulichofanya bila kujipa jina. "Nilipanda juu ya foklifti kwa kuwa ngazi ilikuwa mbovu na msimamizi alitaka lori litoke kabla ya saa sita" ni maelezo ya tukio. "Niliumia kwa ukaidi wangu" ni hukumu, na hukumu si kazi ya mtu aliyevunjika mkono.

Ikiwa umekwisha kuitia dole gumba karatasi ya aina ile, usiifiche na usiikane. Andika maelezo ya pili yenye tarehe, useme ya kwanza iliandikwa na nani, saa ngapi, ukiwa katika hali gani, na kama ulisomewa. Kisha ueleze tukio lilivyokuwa. Uyapeleke kwa mwajiri na nakala kwa Idara. Kuamua kama unastahili fidia si kazi ya karani wa godauni. Ni kazi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye sheria imempa uwezo wa kufanya uchunguzi wake mwenyewe.

Asilimia, hesabu na siku

Dai hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa wanaodai ni wategemezi. Haki yenyewe hupotea ikiwa ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi hiyo 12, isipokuwa ithibitike kwamba mwajiri alipata habari kwa njia nyingine.

Kwa muda ambao huwezi kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya kila kipindi yanayolingana na mapato yako, kwa mipaka iliyowekwa, na kwa muda usiozidi miezi 12. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, kisha asilimia aliyoitoa daktari. Kijana wetu alikuwa akilipwa Sh800 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani Sh20,800. Mara 96 ni Sh1,996,800. Tuchukue kwa mfano kwamba daktari amempa asilimia 8. Hapo fidia yake inakuwa Sh159,744. Hii ndiyo pesa ambayo maneno "uzembe na ukaidi wangu mwenyewe" yalikuwa yakitaka kuifuta, na ndiyo sababu neno ukaidi liliwekwa mle. Jeraha lake ni la chini ya asilimia 40, hivyo mlango wa pili haumlindi. Anategemea mlango wa kwanza peke yake, kwamba hakufanya makusudi. Mtu wa asilimia 40 mwenye mshahara huo huo angedai Sh798,720, na hoja ya ukaidi isingemgusa.

Idara ikishatoa dai kwa fomu ya WIBA 4, mwajiri au kampuni yake ya bima ina siku 90 za kulipa. Pesa zikimfikia Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kumkabidhi mfanyakazi au wategemezi wake. Sheria inamtaka kila mwajiri awe na bima ya majeraha ya kazini. Akiwa hana, deni ni lake mwenyewe, na kutokuwa na bima si jibu.

Ukikataliwa

Usikimbilie kwa hakimu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Desemba 2019 katika kesi ya Chama cha Wanasheria wa Kenya dhidi ya Mwanasheria Mkuu, imebaki wazi kwamba madai ya majeraha ya kazini huanzia kwa Mkurugenzi. Nimeona watu wakimlipa mtu kufungua kesi, na kesi ikatupwa kwa kufunguliwa mahali pasipostahili, na miezi 12 ikawa imepita.

Ukiambiwa kwa maandishi kwamba ombi limekataliwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu, hesabu siku 60 tangu uamuzi huo. Ndani yake upeleke pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe, ukijibu hoja moja moja: amri ilikuwa ipi, uliijua vipi, nani mwingine aliivunja, msimamizi alikuwa wapi, vifaa vilikuwa katika hali gani. Ambatisha picha na maelezo ya mashahidi. Mkurugenzi anatakiwa akujibu ndani ya siku 14, na usiporidhika una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Mombasa pia. Hapo tafuta wakili, au chama chako cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama.

Jambo la nidhamu huja sambamba na haya yote, na huwachanganya wengi. Mwajiri anaweza kukuita ujieleze kuhusu kosa lile lile, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki ya kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa na kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Barua ya onyo, au hata ya kuachishwa kazi, hutolewa chini ya Sheria ya Ajira; fidia hudaiwa chini ya WIBA, na kupimwa kwa kipimo kingine. Anayefukuzwa asidhani dai limefukuzwa pamoja naye. Lakini maneno atakayoyasema katika kikao hicho yataandikwa, na yanaweza kufika mezani kwa Mkurugenzi, kwa hiyo yawe yale yale aliyoyaandika katika maelezo yake.

Kijana wa Magongo aliitwa kikaoni siku ya Jumatatu. Alikwenda na dereva wa foklifti, ambaye alikubali kusema kwamba alikuwa ameshawainua watu hivyo mara nyingi na msimamizi akiwa amesimama hapo hapo na orodha ya mizigo mkononi. Walichukua picha ya ngazi, na nakala ya fomu yenye mhuri wa Idara wa wiki iliyotangulia.